Zile Video Nilizozifuta

Novemba 2024, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, nilihamia sebuleni kwa shangazi, Mtwara mjini, na mkono wangu wa roboti: mota sita, plastiki iliyochapwa kwa printa, kamera mbili. Kazi niliyompa ilikuwa ya kitoto. Aokote korosho zilizobanguliwa kwenye ungo, moja moja, atie kwenye bakuli.

Roboti wa aina hii hufundishwa kwa kuoneshwa. Unashika mkono mwingine unaofanana naye, unaokota mwenyewe, yeye anafuata, na kompyuta inarekodi picha pamoja na pembe za mota. Nilirekodi mara 50. Korosho ikiniponyoka, nafuta video hiyo. Nilitaka mwanafunzi wangu aone usafi mtupu.

Alipoachwa peke yake, ilikuwa fedheha. Alishuka milimita chache pembeni ya korosho, akabana hewa, akaipeleka hewa ile bakulini kwa adabu zote.

“Mwanangu, huyo mgeni wako anaona kweli?” shangazi akauliza.

Nililaumu gia, maana mota za bei rahisi huwa zinalegea. Nikapanga kamera upya. Nikajaribu na njia ambayo watafiti wa Stanford waliitoa 2023, modeli, yaani programu inayomwongoza roboti, ikisie mfululizo wa hatua kwa mkupuo badala ya moja moja. Afadhali kidogo. Lakini akishateleza tu, picha anayoiona hajawahi kuoneshwa, basi anazidi kupotea.

Jioni umeme ukakatika (na gesi ya kuzalishia umeme, ya Mnazi Bay, tunayo wenyewe!). Shangazi akaendelea kuchambua korosho zake kwa mwanga wa simu, nami sina la kufanya, nikabaki kutazama vidole vyake, vyeusi kwa miaka ya mafuta ya maganda. Alikuwa anakosa. Tena mara nyingi. Ikimponyoka, kidole kinaifuata na kuirudisha.

“Shangazi, hiyo umeikosa.”

“Ipi?”

Umeme ulirudi saa nne usiku. Nikaanza upya: nauweka mkono mahali pabaya kwanza, ndipo narekodi jinsi ya kujinasua. Kule kukosea kwenyewe sikurekodi, asije akajifunza nako.

“Sasa na wewe umeharibika?” shangazi akauliza akipita kwenda kulala.

Asubuhi korosho ya kwanza ikamponyoka roboti. Akafungua vidole, akarudi nyuma, akaishika. Ya pili akaivunja.

“Hiyo utalipa,” akasema shangazi.