Gilbert Arenas bado ananiuma

Jana usiku nimerudia kuangalia mechi ya Desemba 2006, Gilbert Arenas, nyota wa kikapu wa timu ya Washington Wizards, akiwapiga Lakers pointi 60 kwao Los Angeles. Roho imeniuma. Jamaa alikuwa anafunga kutoka popote pale! Aprili 2007 goti la kushoto likaumia, akapasuliwa, akawahi kurudi, likamsaliti tena. Misimu miwili iliyofuata alicheza mechi 15 tu.

Goti namsamehe, hakuliomba. Lakini kuingiza bastola chumba cha kubadilishia nguo cha Wizards, halafu uchunguzi ukiendelea anawanyooshea wenzake vidole mfano wa bastola, anatabasamu, kamera zikimulika? Kesho yake, Januari 6, 2010, NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ikamsimamisha. Siku hiyohiyo alikuwa anatimiza miaka 28.