Anachoomba Msomaji, Inachotunza Maktaba

Wiki hii nimekuwa nikiandaa makadirio ya bajeti ya maktaba yetu ya utafiti wa sanaa hapa Dar es Salaam, na kila nilipofika kwenye kifungu cha ununuzi wa vitabu niliweka kalamu chini na kwenda kulisoma upya daftari la maombi ya wasomaji. Nimepewa dhamana ya mambo mawili ambayo taasisi kubwa huyagawa kwa idara mbili, yaani huduma kwa wasomaji na utunzaji wa makusanyo. Wakutubi wengi huyazungumzia kana kwamba yanavutana: mwenye kuhudumia wasomaji anataka kila kitu kitoke kabatini, na mwenye kutunza anataka kila kitu kibaki humo. Kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ni kazi moja, na kwamba daftari la maombi ndilo linalopaswa kuongoza tunachonunua, tunachopokea na tunachokarabati kwanza.

Daftari lenyewe linasema wazi. Wengi huanza kwa kuomba kitabu, lakini wachache sana huishia kwenye kitabu. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika tasnifu kuhusu Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka 1972 na ambacho msanii George Lilanga alipitia, hawezi kuridhika na aya mbili anazozikuta katika kitabu cha jumla cha sanaa ya Afrika. Anataka kujua nani alionyesha nini na lini, kazi ziliuzwa kwa bei gani, na gazeti gani liliandika habari hizo. Majibu ya maswali kama hayo hayamo katika vitabu vikubwa vyenye picha za rangi. Yamo katika kadi za mwaliko, orodha za bei zilizopigwa chapa, vipeperushi vya kurasa nne, vipande vya magazeti, na barua za kuomba ukumbi. Sisi huziweka karatasi hizo katika mafaili ya wasanii, kila msanii na faili lake, na mafaili hayo ndiyo yanayoombwa kuliko rafu nyingine yoyote.

Nichukue mfano wa karatasi moja tu. Ni orodha ya bei ya maonyesho, fulskapu iliyodurufiwa, yenye alama ya kutu pale pini ilipokuwa. Juu imeandikwa Jumamosi, 14 Novemba, bila mwaka. Chini yake kuna namba za picha, majina yake, vipimo kwa inchi, na bei kwa shilingi. Pembeni mwa baadhi ya namba mtu ameweka alama ya vema kwa penseli, bila shaka kuonyesha kwamba picha hizo zimeuzwa. Mtafiti mmoja aliyekuwa na picha isiyo na jina, ila yenye namba nyuma ya ubao wake, aliketi na karatasi hiyo kutwa nzima. Namba na vipimo vilioana. Ukabaki mwaka. Tarehe 14 Novemba iliangukia Jumamosi katika miaka minne tu kati ya 1960 na 1990, nayo ni 1964, 1970, 1981 na 1987, na kipande cha gazeti kilichokuwa katika faili hilohilo kikamaliza ubishi kwa kuonyesha kwamba ulikuwa mwaka 1970. Karatasi ambayo mtu yeyote angeitumia kufungia karanga ndiyo iliyorudisha jina na umri wa mchoro ule, na alama za penseli sasa zinamwezesha mtafiti mwingine kuuliza ni aina gani ya picha iliyopendwa na wanunuzi wa wakati huo.

Ninayasema haya kwa uzito kwa sababu historia ya sanaa yetu ina mapengo yanayouma. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache mno, tangu mwaka 1968 hivi hadi alipofariki mwaka 1972, na mtindo ulioenea dunia nzima kwa jina lake uliacha nyuma karatasi chache kutoka katika miaka hiyo ya mwanzo. Mchoraji Sam Ntiro picha yake iliingia katika Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960, na mtu aliyeko huko anaweza kuipata katika orodha ya jumba hilo kwa dakika moja, ilhali mwanafunzi wa Moshi, katika mkoa aliotoka Ntiro, hutafuta kwa shida hata kadi moja ya maonyesho aliyoyafanya nyumbani. Huko Nairobi, moto wa mwaka 1997 katika kituo cha Paa ya Paa, kilichofunguliwa mwaka 1965 na ambacho Elimo Njau alikuwa mmoja wa waasisi wake, uliteketeza kazi nyingi za sanaa pamoja na kumbukumbu za miongo mitatu. Kila ninapolifikiria tukio hilo huona umuhimu wa kuwa na nakala ya pili ya karatasi hizi mahali pengine, kwa sababu kitabu kilichochapwa kwa maelfu kikiungua hapa kitapatikana kwingine, lakini orodha ya bei iliyodurufiwa kwa ajili ya wageni wa jioni moja ikiungua ndiyo imekwisha.

Wenzetu walioanza zamani walilielewa jambo hili. Helen Clay Frick alipoanzisha maktaba yake ya rejea ya sanaa New York mwaka 1920, baada ya kuvutiwa na hazina ya picha ya Sir Robert Witt huko London, alilipa uzito mkubwa jambo la kukusanya picha za kazi za sanaa na maelezo yake, zikiwemo kazi ambazo hazikuwa za wasanii mashuhuri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wataalamu walitumia maktaba hiyo kuandaa ramani za kuonyesha majengo na hazina za kitamaduni za Ulaya zilizofaa kuepushwa na mabomu. Sina nia ya kulinganisha uwezo wetu na wao. Ninachokithamini ni uamuzi ule wa mapema wa kukusanya ushahidi kabla ya mtu yeyote kujua utaombwa kwa kazi gani.

Upande wa utunzaji, adui yetu mkubwa hapa pwani ni unyevu. Kuvu huota kwa urahisi hewa inapozidi asilimia 65 ya unyevu, na Dar es Salaam huvuka kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Watu wakisikia hivyo hudhani dawa ni kiyoyozi, lakini kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni kinaweza kudhuru karatasi kuliko chumba kisicho nacho, kwa sababu kila siku karatasi hupoa na kukauka, kisha usiku hewa ya joto yenye unyevu huingia na kukutana na rafu zilizopoa. Ni afadhali chumba chenye madirisha yanayopitisha upepo, rafu zisizogusa ukuta, na feni inayozunguka bila kukoma, ambamo hali inabadilika polepole. Nimelieleza jambo hili kwa viongozi wangu mara kwa mara, na nitaendelea kulieleza hadi lieleweke.

Vitabu vya sanaa vina udhaifu wake wa pekee. Ile karatasi yake nzito inayong'aa imepakwa udongo mweupe na gundi ili rangi za picha zitokee vizuri, na ikilowa kisha ikaachwa ikauke yenyewe, kurasa hushikana zikawa kama tofali moja ambalo hakuna fundi wa kulitenganisha. Masika iliyopita bomba la kiyoyozi lilivujia rafu ya chini usiku, na asubuhi tukakuta baadhi ya katalogi za maonyesho zimelowa. Hatukuvifungua vitabu hivyo kwa pupa wala kuvianika juani. Vile vichache vilivyolowa kingo tu tuliviingizia karatasi safi isiyo na wino kati ya kila kurasa mbili, tukavisimamisha mbele ya feni na kubadilisha karatasi hizo kila zilipolowa. Vilivyolowa hadi ndani tulivifunga kimoja kimoja katika karatasi yenye nta na kuvipeleka kwenye friza ya jirani yetu anayeuza samaki, aliyetupisha droo nzima bila kuuliza maswali mengi. Baridi kali husimamisha kila kitu, kuvu na gundi pia, na hukupa muda wa kushughulikia kitabu kimoja baada ya kingine. Jirani huyo nimemwandika katika mpango wetu wa dharura, na namba yake ya simu imebandikwa mlangoni mwa hifadhi.

Katika chumba cha kusomea, kanuni zetu ni chache na tunazieleza kwa sababu zake, maana msomaji aliyeelewa sababu huwa mlinzi wa pili wa karatasi. Mkoba hubaki nje, penseli tu ndiyo inayoruhusiwa, na faili hutolewa moja moja ili karatasi za msanii mmoja zisiingie kwa mwingine. Wageni wengi hushangaa tunapowataka wanawe mikono na kuikausha badala ya kuwapa glavu. Glavu za pamba hupunguza hisia za vidole, na mtu hujikuta amechana ukingo wa karatasi bila kujua; glavu tunaziweka kwa ajili ya picha za kamera na filamu, ambazo jasho la kidole huziachia alama ya kudumu.

Kazi ninayoipenda zaidi ni mazungumzo ya mwanzo na msomaji. Kijana mchoraji alikuja akaomba kitabu cha Tingatinga, na ningeweza kumpa kimoja akafungua kurasa akaondoka. Nilipomuuliza anataka kufanya nini nacho, alisema anataka kujua wazee walipakaje rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya ubao bila kuchuruzika. Hapo kitabu cha picha hakikumfaa. Tulimtolea mahojiano yaliyopigwa chapa na picha za kamera za mafundi wakiwa kazini, na alipomaliza aliniambia kwamba mjomba wake bado anazo ubao na makopo ya enzi hizo. Swali moja lilimhudumia msomaji na papo hapo likatufungulia mlango wa kupata kumbukumbu mpya.

Uorodheshaji nao unahitaji mkono wa mtu anayewajua wasomaji. Namba 709.678 ya Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa mada, inatosha kuweka kitabu cha sanaa ya Tanzania kwenye rafu, lakini haimsaidii anayemtafuta mtu. Msanii mmoja ameandikwa kwa jina la ukoo huku, kwa jina la ubatizo kule, na kwa herufi za mwanzo katika orodha ya bei. Wachongaji wengi wa Kimakonde hawakuandikwa kabisa. Kwa hiyo tunaweka majina yote ya msanii chini ya ingizo moja, na pale mchongaji asipotajwa tunaandika kila kinachoweza kumtambulisha, kuanzia mahali kazi iliponunuliwa hadi jina la mfanyabiashara aliyeiuza.

Jumatano alikuja mzee mchoraji akiwa na sanduku la bati. Nilimwamkia, «Shikamoo mzee», akaitikia, «Marahaba, mwanangu, nimekuletea uchafu wangu.» Ndani mlikuwa na kadi, risiti za rangi, na picha za maonyesho ya ujana wake. Kabla ya kukubali lolote aliuliza kama wajukuu zake wataruhusiwa kuja kuziona, na kama mtu anaweza kuzichapa fulana na kuziuza. Nilimweleza kwamba hati ya makabidhiano itataja haki ya familia kuja wakati wowote wa kazi, na kwamba kutukabidhi karatasi si kutukabidhi hakimiliki. Anayetaka kuchapa picha zake sharti apate idhini yake au ya warithi wake. Alitaka hayo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa maneno anayoyafahamu, na alikuwa na haki. Nimeiandika hati upya yote, na kuanzia sasa ndiyo tutakayoitumia kwa kila mtoaji.

Kwa hiyo bajeti nimeiandika hivi. Fungu la vitabu vipya kutoka nje nimelipunguza kwa nusu na kubakiza katalogi zinazotaja wasanii wa ukanda huu. Kilichobaki kitanunua masanduku na mafaili ya karatasi isiyo na asidi, kitalipia kupiga picha mafaili yanayoombwa zaidi na kuweka nakala nje ya jengo hili, na kitamwezesha msaidizi mmoja kuwatembelea wasanii wazee majumbani mwao siku mbili kwa wiki. Najua nitaulizwa kwa nini maktaba inataka kupunguza vitabu. Nitakwenda kikaoni na daftari la maombi, pamoja na nakala ya ile orodha ya bei ya Novemba 1970, na sanduku la mzee litakuwa la kwanza katika ratiba ya msaidizi huyo.