Usiku wa krapi chini ya daraja

Hii ilikuwa wikiendi ya Julai 4 mwaka 2019, nina miezi nane tu hapa Dallas, mzee mmoja wa Uvira, Kongo, tuliyekuwa tunakaa naye jengo moja akaniambia Jumamosi twende Lake Ray Hubbard, ziwa la hapa jirani, tukatafute krapi, samaki wa huku (crappie). Mimi mtoto wa Mwanza, baba yangu kavua dagaa maisha yake yote, ukinitajia ziwa huna haja ya kunibembeleza. Nikakata leseni siku hiyohiyo.

Saa 4 asubuhi tuko majini. Jamani ziwa lilikuwa limejaa! Jetiski zinakatiza mbele yetu, maboti ya pati na muziki wao, watoto wanavutwa kwa kamba juu ya maboya, mawimbi yanakuja kila upande na kiboti chetu cha aluminiamu kinagonga paa paa, afu joto kali. Mpaka saa 9 alasiri tumepata watatu, na wote hawajafika inchi 10, sheria ya Texas krapi chini ya hapo unamrudisha, tukarudisha. Nilikasirika sana, niliona watu wa jetiski ndo wametufukuzia samaki. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwanangu, samaki haiko mujinga. Na hii jua itafanya nini huku juu? Tungoje usiku. Kwetu ndagala banavuaka muchana?"

Nikanyamaza, maana hata kwetu ni hivohivo, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa ya karabai, tena usiku wa giza usio na mwezi.

Jua likazama saa 2 na nusu hivi, maboti yakaanza kuondoka moja moja, tukasogea chini ya daraja la barabara kuu ya I-30 tukashusha nanga jirani na nguzo. Mzee akatoa taa ya kijani, akaunga kwenye betri, akaizamisha. Mimi nimekaa naangalia tu. Dakika kumi hamna kitu, afu vikaja vidudu vidogo kama vumbi, nyuma yao vidagaa vinazunguka taa vinameremeta, na chini kabisa pale mwanga unapoishia ukaanza kuona vivuli vipana vinapita taratibu. Yani ni karabai ileile ya kwetu, tofauti hii inazama! Roho ilinidunda kwelikweli.

Mzee akanielekeza nishushe chambo, kisamaki hai, futi 12, maana krapi anapenda kula akipanda, usimpite chini. Nikasubiri avute. Kumbe huyu mara nyingi havuti, mshipi ulikuwa umekaza ghafla ukalegea tu, na kwa kuwa nimezoea sangara nikataka kuupiga kwa nguvu, mzee akanishika mkono. "Polepole baba, kinywa yake ni karatasi." Nikamwinua taratibu mpaka kwenye boti. Ni samaki mpana, bapa, rangi ya fedha na madoa meusi, nikamfungua mdomo mbele ya tochi na ule utando wa pembeni mwanga ukapita, mwembamba kama ganda la kitunguu. Nikaelewa kwanini alinishika mkono. Inchi 12!

Kuanzia hapo hatukupumzika, malori yanaunguruma juu ya vichwa vyetu na sisi tunapima samaki kwenye rula, huyu ndani, huyu arudi. Mpaka saa 7 usiku tulikuwa na 31 wawili wetu, na ruhusa ni 25 kila mtu.

Saa 7 ya huku ni saa 3 asubuhi Mwanza, nikampigia baba video nikamgeuzia kamera aone ile taa ya kijani na vidagaa vinavyozunguka. Akaangalia kimya kwa muda. Hakuuliza samaki gani, hakuuliza wangapi.

"Mwezi ukoje huko?"

Nikamwambia bado mchanga baba, na umeshazama.

"Basi vueni."