Pipa la tina lilipotoboka, nilikimbilia kwanza jiko la mama lishe

Mimi ni msimamizi wa stoo katika kiwanda cha rangi hapa Dar es Salaam, upande wa viwandani kando ya Barabara ya Nyerere. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa stoo, wa gereji na wa karakana za fanicha, maana kemikali hizi tunalala nazo na kuamka nazo mpaka tunazizoea kama maji.

Ilikuwa Februari, saa tano kasoro asubuhi, zege limeshapata moto wa jua. Tulikuwa tunashusha mapipa ya toluini, lita 200 kila moja. Vibarua wote wanaiita tina, kwa sababu ndiyo inayotumika kutengenezea tina ya kuchanganyia rangi. Dereva wa fokolifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo kwa meno mawili ya chuma, akakadiria vibaya, jino moja likaingia kwenye ubavu wa pipa, karibu na kitako. Akashtuka, akarudi nyuma. Jino likachomoka na kuacha tundu la ukubwa wa kidole gumba, toluini ikaanza kuruka kama maji ya bomba lililoachwa wazi.

Nikapiga kelele, "Zima! Shuka! Usiiwashe tena!" Akazima, akaruka chini. Injini ya dizeli ikinguruma katikati ya mvuke wa namna ile ni hatari: inaweza kuuvuta mvuke wenyewe kama mafuta, ikazidi kasi isizimike hata ukifunga ufunguo.

Kila mtu alikuwa anatazama dimbwi. Mimi nikautazama mteremko.

Toluini hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 4 tu za Selsiasi. Dar ya Februari ni 32, kwa hiyo hapa kwetu mvuke huo upo wakati wowote kifuniko kikiwa wazi. Ni mzito mara tatu kuliko hewa. Haupandi kama moshi. Unalala sakafuni, unatambaa, unafuata bonde kama maji, na huuoni. Ukishakuwa sehemu moja na kidogo katika sehemu mia za hewa, cheche moja inautosha, na moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye pipa. Zege letu linateremkia kwenye wavu wa mtaro. Mtaro unapita chini ya ukuta, unatokea nje, unakwenda kupita nyuma ya banda la mama lishe anayetupikia sote. Saa tano kasoro majiko yake mawili ya mkaa yanakuwa yamekolea.

Msaidizi wangu nilimwambia maneno mawili tu, "Mtaro, mchanga!" Mlinzi nikamwambia atoe watu wote kwa geti la juu, simu zibaki mifukoni, asiingie mtu wala gari. Kisha nikatoka mbio.

Kuna kanga mama huwa anaianika kwenye kamba ya banda. Nikaitazama. Kaskazi ilikuwa inavuma na kanga yote imeelekea barabarani, maana yake upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake. Harufu ilikuwa bado haijafika.

"Mama, shikamoo. Zima majiko yote sasa hivi."

"Marahaba mwanangu. Wali ndio kwanza unakauka."

"Mama, nakuomba. Tina imemwagika ndani, inakuja kwenye mtaro."

Hakuuliza tena. Alichukua beseni la maji ya kusuuzia vyombo, akalimwaga lote kwenye jiko la kwanza, kisha ndoo kwenye la pili. Majivu yakaruka mpaka kwenye sufuria ya maharage. Kijana mmoja aliyekuwa anakula akataka kutusaidia kwa kulibeba jiko ambalo bado lilikuwa na makaa mekundu kulivusha upande wa pili wa mtaro. Nikamshika mkono. Hapo angeupelekea mvuke moto kwa miguu yake mwenyewe. Tukamwagia tena mpaka makaa yakawa meusi, nikawaondoa wote kwa kukata upepo kwenda kando, mbali na mtaro. Mwongozo ninaoufuata unasema kimiminika cha aina hii kikimwagika, anza kwa kutenga mita 50 kila upande. Kikiwa kingi, fikiria kuwahamisha walio upande upepo unakoelekea hadi mita 300. Katika mtaa wetu mita 50 ni banda la mama lishe, gereji mbili na kijiwe cha bodaboda. Bodaboda walihama bila ubishi.

Kwenye gereji ndiko kulikuwa na kazi. Vijana wa kupiga rangi walishanusa, wawili wakawa wanakuja na madumu. Tina kwao ni pesa, na siwalaumu. Nilisimama mbele yao nikawatajia Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya mia. Hakuna Mtanzania asiyekumbuka zile picha. Yule wa mbele aliliweka dumu chini, akamvuta mwenzake shati, wakarudi.

Nikapiga 114, Zimamoto, nikiwa ng'ambo ya barabara. Niliwaambia jina la kemikali, namba yake ya kimataifa ya utambulisho iliyo kwenye lebo ya pipa, 1294, kwamba haijashika moto, imemwagika kiasi gani kwa makadirio, na waje kwa geti la juu kwa sababu la chini lipo upande upepo unakoelekea. Namba hiyo ya tarakimu nne ikaririni au ibandikeni ukutani. Afisa akiipata anajua anakuja na povu, hapotezi muda kuuliza tina ni kitu gani.

Niliporudi ndani nilikuta mambo mawili ambayo yangetuua. Kibarua mmoja alikuwa amevuta mpira wa maji, tayari kuosha. Toluini haichanganyiki na maji, inaelea juu yake. Angeisukuma yote mtaroni. Mwingine alikuwa anaelekea kuzima feni ya stoo kwenye swichi ya ukutani, hatua chache kutoka kwenye dimbwi. Swichi inatoa cheche ndani yake hata unapozima. Nikamtuma akate umeme kwenye meni swichi, iliyopo chumba cha mlinzi, juu kabisa upande unakotoka upepo.

Ndoo zetu nyekundu za mchanga hazikuwa na kitu. Moja ilikuwa na vipande vya sigara na takataka, nyingine tupu. Hilo bado linaniuma, kwa sababu niliomba zijazwe mara mbili kwa maandishi, na ningeweza kuzijaza mwenyewe kwa toroli moja. Kilichotuokoa ni rundo la mchanga wa mafundi waliokuwa wanajenga ukuta. Msaidizi wangu alikuwa ameshajaza viroba, kaziba wavu, na amepiga tuta mbele yake. Tukamwaga mchanga tukitokea pembezoni kuja katikati. Hatukutumia beleshi la chuma kwenye zege, tulisukuma kwa vipande vya mbao.

Pipa lenyewe lilikuwa bado linavuja. Mimi na mwenzangu tulivaa glavu nene na barakoa za vichujio vyenye mstari wa kahawia, zile za mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapo. Tukaburuza tairi chakavu, lile tunaloangushia mapipa, tukalilaza pipa juu yake taratibu ili chuma kisigonge zege, kisha tukalizungusha mpaka tundu likaangalia juu. Likaacha kuvuja. Pipa zito namna ile, karibu kilo 190 likiwa limejaa, na tundu likazibwa na kuligeuza tu.

Kibarua aliyekuwa karibu zaidi mwanzoni alianza kuyumba na kuzungumza kama mlevi. Toluini inapanda kichwani haraka. Tulimpeleka kwenye hewa safi, tukamvua shati lililolowa, akapelekwa hospitali; alirudi kazini baada ya siku mbili.

Zimamoto walifika, wakafunika sehemu iliyobaki kwa povu, wakapima mtaro mpaka nje. Ndani ya mtaro mvuke ulikuwepo, umeshalipita tuta letu kabla halijakamilika na kufika nyuma ya banda. Afisa alinionyesha mahali penyewe. Ni pale mama anapoweka jiko la wali.

Tulipokuja kupima, zilikuwa zimemwagika kama lita 60. Mchanga wote tuliuweka kwenye mapipa yenye vifuniko, tukayaandika, yakachukuliwa na watu wenye kibali, na taarifa ikaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Jioni nilimpelekea mama pesa ya chakula chake cha siku ile. Akapokea, akashukuru, akaniuliza, "Mwanangu, miaka yote hii napika hapa, mbona hamkuniambia kinachopita nyuma yangu?" Sikuwa na jibu. Kwenye mafunzo yetu tuliwahesabu wa ndani ya ukuta tu. Kesho yake nilirudi na lebo ya pipa, ile almasi nyekundu yenye mwali wa moto, nikamweleza kila kitu nilichokieleza hapa juu. Tukakubaliana kwamba lori lenye alama hiyo likifika, mlinzi anamtumia mtu kabla geti halijafunguliwa, naye anahamishia majiko ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda ambacho kiwanda kinamlipia.

Jumanne iliyopita lilikuja moja asubuhi. Nilipofika getini kuwasalimu, sufuria ya wali ilikuwa tayari ng'ambo, na mama ndiye aliyekuwa anawaambia bodaboda wazime sigara.