Saa mbili na nusu mizani inagoma

Msimu ule simu yangu ililia kila Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, na kabla sijasema haloo nilishajua ni kijana wa mizani Kibaigwa. "Kaka, mtandao umekufa tena." Nyuma yake nasikia injini za Fuso na utingo wakigombea foleni. Mwenye mahindi akishapima hataki maelezo, anataka risiti yake akachukue hela.

Mimi ndiye mtunza mfumo. Ofisi yetu iko Area C, Dodoma mjini, na tunanunua mahindi Kibaigwa, kwenye barabara ya Morogoro, na alizeti Singida. Karani anapima, anaingiza kilo, mfumo unatoa risiti. Taarifa zote zinaingia kwenye kanzidata moja, yaani ghala la taarifa, inayoendeshwa na programu ya PostgreSQL kwenye wingu, yaani kompyuta ya kukodi kupitia mtandao, na seva yenyewe iko Cape Town.

Kwa wiki kadhaa nami niliimba wimbo huohuo wa mtandao. Nikabadilisha laini, nikanunua ruta ya pili, wapi! Kilichonizindua ni Singida kupiga simu dakika ileile, na wao wanatumia kampuni nyingine kabisa ya simu. Mitandao miwili haiwezi kupatana kufa Ijumaa saa mbili na nusu.

Ijumaa iliyofuata nikawahi kazini na chapati yangu, nikafungua pg_stat_activity, ambayo hukuonyesha nani anaiuliza nini kanzidata muda huo. Saa mbili kamili ikatokea ripoti ya wiki ya mhasibu, na ikakaa hapo. Nikamshuku. Lakini mizani ilikuwa inafanya kazi vizuri tu! Saa mbili na robo, vizuri. Saa mbili na dakika ishirini na tano, vizuri. Kisha ghafla kila kitu kikasimama, hata kufungua ukurasa wa kuingilia ikawa shida. Nikajiambia kwamba kama ripoti ndiyo mwizi, isingekaa nusu saa bila kugusa kitu. Nikaifutia kesi.

Kosa hilo lilinigharimu mwezi. Nilimwomba bosi tukodi seva kubwa zaidi, kumbukumbu mara mbili na prosesa mara mbili. Akakubali kwa shingo upande. Ijumaa ya kwanza simu ililia saa tatu kasoro ishirini. Yaani nilinunua dakika kumi za amani kwa bili ya mwezi mzima.

Jibu lilikuwa kwenye grafu ya diski, ambayo sikuwahi kuifungua. Diski yetu ilikuwa ya aina ya gp2 ya wingu la Amazon, gigabaiti 100. Diski hiyo hupewa haki ya kusoma au kuandika mara 3 kwa sekunde kwa kila gigabaiti, kwa hiyo yetu ilikuwa na mara 300 tu. Ila ikikaa bila kazi nyingi hujiwekea akiba, na akiba ikiwepo inaruhusiwa kukimbia hadi 3,000 kwa sekunde. Anayeishi Dodoma na simtanki uani ataelewa haraka. Tangi likijaa unafungua koki unaoga kama mfalme, hata kama bomba la kulijazia linatoa maji membamba kama uzi. Tangi likikauka unabaki na ule uzi. Akiba ikijaa huwa milioni 5.4. Ukitumia 3,000 huku 300 zikiingia, unapunguza 2,700 kila sekunde. Gawanya, unapata sekunde 2,000, yaani dakika 33. Saa mbili kamili mhasibu anabonyeza, saa mbili na nusu na ushee tangi limekauka, na kijana wa Kibaigwa anashika simu.

Mtu ataniuliza kwa nini sikubadilisha diski basi nikalala. Niliibadilisha. Nilihamia gp3, ambayo huanzia 3,000 bila habari ya akiba, na kuzima ghafla kukaisha. Lakini sasa kila Ijumaa kati ya saa mbili na saa tatu risiti ilikuwa inachukua sekunde nane badala ya moja, maana ripoti bado ilikuwa inakula sahani moja na mizani, na inakula kwa mikono miwili.

Nikafanya ambalo kila mtu anashauri, nikaweka nakala ya kusomea. Ni seva ya pili inayopokea kila badiliko kutoka seva kuu, ila haiandikwi, inasomwa tu. Ripoti zote nikazielekeza huko. Bosi akauliza, "Seva ya pili ya nini, na ya kwanza haijafa?" Nikamwambia mzee, hii ni ya mhasibu. Akatikisa kichwa akasaini.

Ripoti ya kwanza ikakatwa katikati, na ya pili vilevile. Mhasibu, mama mtu mzima ambaye humwoni akipandisha sauti, alinipigia mwenyewe. Kumbe nakala ina mgogoro wake. Seva kuu ikifagia mistari ya zamani isiyohitajika, nakala nayo inatakiwa ifagie, lakini pengine kuna ripoti inayoisoma mistari hiyohiyo. PostgreSQL ikiachwa kama ilivyo huvumilia sekunde 30, kisha inaikata ripoti. Kuna kitufe cha hot_standby_feedback kinachoiomba seva kuu isifagie kwanza, ila sikukipenda, kwa sababu takataka zinabaki zimerundikana kwenye seva ya mizani, na mizani ndiyo niliyokuwa naihangaikia. Nikachagua kuongeza uvumilivu. Nikaipandisha max_standby_streaming_delay hadi dakika 30. Ripoti zikapita, nikajipongeza.

Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo bado linaniuma. Kwa tamaa ya kuifaidi seva ya pili, nilihamishia huko hata orodha ya mizigo ya leo anayoitazama karani. Sikuunganisha kwamba uvumilivu niliouongeza maana yake nakala inaacha kwanza kuingiza mapya hadi ripoti imalizike. Ijumaa ikafika. Karani anapima gari, anahifadhi, anatazama orodha, gari halipo. Anafikiri halikuingia, anahifadhi tena. Mzigo mmoja, risiti mbili, namba mbili tofauti.

Aliyegundua ni yule mama mhasibu, siku nne baadaye. Kitabuni tulikuwa na mahindi ambayo ghalani hayapo. Magari matatu, na moja lilikuwa limeshalipwa mara mbili. Mwenye gari alirudisha hela, Mungu ambariki, lakini alikuja nazo mwenyewe ofisini na mimi ndiye niliyepangiwa kumpokea. Kesho yake skrini zote za karani nilizirudisha seva kuu. Anayeandika lazima aone alichoandika, palepale alipokiandika.

Baada ya aibu hiyo nilipanda ghorofani kwa mhasibu. Nilipaswa kupanda siku ya kwanza.

"Shikamoo mama. Hii ripoti ya Ijumaa unaifanyia nini?"

Akafungua faili. Kurasa 64. Akaruka hadi wa mwisho, akanionyesha namba saba anazonakili kwenye Excel.

"Na hizi nyingine?"

"Za kufungia karanga."

Nikamweleza kwa nini ni nzito: ili kupata salio la kuanzia, mfumo unahesabu upya kila gunia tangu 2019. Akanitazama kama mtoto aliyefeli hesabu za darasa la tatu. "Mwanangu, sisi mwezi tukishaufunga haturudi nyuma. Wewe unaufungua kila wiki unatafuta nini?"

Wahasibu wanafunga vitabu tangu enzi za kalamu ya wino, na mimi na seva zangu mbili sikuwa nimefikiria. Nikatengeneza jedwali dogo la muhtasari: kituo, zao, siku, kilo, fedha. Saa nane usiku kazi moja inajumlisha siku iliyopita na kuiweka humo. Risiti ya zamani ikirekebishwa, siku yake inawekewa alama na kujumlishwa upya usiku huohuo. Ripoti ya Ijumaa sasa inasoma mistari mia chache badala ya mamilioni, na inatoka kabla mama hajamaliza kuvuta kiti.

Nakala sikuiondoa. Ipo kwa ajili ya wakaguzi, maana wao wanataka kila risiti na hawaambiliki, na kwa bosi anapojitungia maswali yake. Watumiaji wa ripoti wana jina lao la kuingilia lenye ukomo wa miunganisho mitatu, na statement_timeout ya dakika 20. Swali likizidi hapo linakatwa, atapiga simu tuongee.

Kitu kimoja tu bado kinahitaji taarifa za sekunde hii: magari yaliyoko getini ambayo hayajapimwa. Hicho kinasoma seva kuu, kwa faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka, inayoshika magari yasiyopimwa peke yake, na ni mistari thelathini, arobaini basi. Bosi amekipenda mno, ametundika runinga ofisini kwake akitazame, na akataka kijisasishe kila sekunde tano. Nimekiweka kila dakika moja. Hajalalamika.