Madirisha 17

Usiku wa tatu nilihesabu madirisha 17 yenye taa. Jengo, ambamo nilifikiria kununua fleti, lilikuwa na ghorofa 8, kila ghorofa fleti 5, jumla 40. Usiku wa kwanza nilipata 16, wa pili 19. Nilikuwa nikisimama ng'ambo ya barabara saa mbili na nusu, muda ambao watu wengi wamesharudi na hawajalala, nikihesabu madirisha ya sebule peke yake ili fleti moja nisiihesabu mara mbili. Mchana wake dalali alikuwa ameniambia, "Jengo limejaa, bosi. Imebaki hiyo moja tu."

Bei za fleti zilikuwa zinashuka kwa mwaka wa pili mfululizo. Mimi na mke wangu tulikuwa na akiba inayofikia malipo ya awali, na kila aliyesikia alituambia tumeokota dodo chini ya mwarobaini. Huenda. Ila fleti zenye giza zilinisumbua kwa sababu mbili. Kama hazijauzwa, basi siku nitakayotaka kuuza yangu nitashindana na mjenzi mwenyewe, naye ana uwezo wa kupunguza bei kuliko mimi. Na kama zimeuzwa kwa watu wasiokaa humo, ada ya huduma hulipwa kwa kusuasua, maana asiyepanda lifti haumizwi na lifti iliyokufa.

Hesabu niliifanya mezani usiku uleule. Ili masifuri yasinichanganye, bei aliyotaka muuzaji niliiita 100. Sisi tungetoa 20, benki 80, mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 7. Juu yake kulikuwa na kodi za serikali, wakili na mthamini, kama 6 hivi, fedha ambayo ikitoka hairudi.

Rejesho la mwaka lilikuwa takriban 7.4. Katika hilo, mwaka wa kwanza riba inakula 5.5 na deni linapungua kwa 1.9 tu. Hapa ndipo wengi hujidanganya kwa kulinganisha rejesho lote na kodi ya pango. Ile 1.9 ni akiba yako, usiihesabu kama gharama. Lakini zipo gharama ambazo hawaziandiki: ada ya huduma 1.5, matengenezo ya ndani 1, na faida ambayo ile 26 yetu ingeleta kama ingekaa benki, tuseme 1.3. Jumla 9.3 kwa mwaka. Fleti kama ile, jengo lilelile, ilikuwa inapangishwa kwa 6. Kwa hiyo kumiliki kungetuzidishia gharama ya 3.3 kila mwaka hata kama bei ingesimama palepale, na bei haikuwa imesimama.

Nikajaribu kushuka kwa asilimia 8 kwa mwaka, miaka mitatu. Fleti ya 100 inafika 78. Deni letu wakati huo lingekuwa karibu 74. Ukiuza, toa ada ya dalali na wakili, asilimia 5 ya bei, inabaki kama 74. Yaani tungelipa benki na kutoka mikono mitupu: ile 20 imekwenda, ile 6 imekwenda, na kila tulichopunguza kwenye deni kimekwenda. Bei imeshuka kwa asilimia 22, sisi tumepoteza kila senti. Ndiyo kazi ya mkopo: unakuza faida soko likipanda, na hasara likishuka.

Mke wangu alisoma karatasi ile mara mbili, akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliuliza: "Kwani tuna mpango wa kuhama ndani ya miaka mitatu?" Hatukuwa nao. Lakini kazi yangu ilikuwa ya mkataba, na mwenye mkataba hapangi peke yake lini atahama. Kwa mtu mwenye uhakika wa kukaa miaka 10 au 12, na rejesho lisilozidi theluthi ya kipato, karatasi ile ingesomeka tofauti kabisa.

Kuna mtego mwingine wa soko linaloshuka ambao afisa mikopo alinieleza bila kuzungukazunguka. Benki haiangalii bei mliyokubaliana peke yake. Mthamini wake akiandika thamani ndogo kuliko bei hiyo, inakopesha kwa thamani aliyoandika. Mkikubaliana 100 naye akaandika 90, asilimia 80 ya 90 ni 72, na wewe unatafuta 28 badala ya 20. Kama umeshalipa amana ya kushika nyumba na mkataba hauna kifungu cha kukurudishia, amana hiyo inabaki kwa muuzaji. Kifungu hicho ni sentensi moja. Kiandikwe kabla ya senti kutoka.

Jumamosi nilikwenda na fundi bomba, si fundi rangi. Rangi ilikuwa mpya, na rangi mpya kwenye pembe moja tu ya dari huwa inaficha kitu. Alipobonyeza kwa kidole gumba, plasta iliingia ndani kama mkate. Bafu la juu lilikuwa linavuja. Hilo linatengenezeka. Tukafungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja, akaweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la bafuni na kutazama saa. Dakika nne. Lita mbili na nusu kwa dakika, na ili mtu aoge kwa raha anahitaji kama 6 hadi 10.

Tulishuka hadi chumba cha pampu. Pampu zilikuwa mbili, kama inavyotakiwa, moja ifanye kazi na nyingine isubiri zamu. Ya pili ilikuwa imefunikwa mfuko wa plastiki wenye vumbi. Fundi aliufunua: mota haikuwepo, zimebaki boliti nne na nyaya zilizofungwa utepe mweusi. "Ile moja ikizimika," akasema, "watu 40 wanapanda ngazi na madumu."

Jibu la kwa nini haikutengenezwa nililikuta kwenye kumbukumbu za vikao vya wamiliki. Niliomba za miaka mitatu. Dalali alisema ni siri, muuzaji akazitoa siku mbili baadaye, kwani mmiliki ana haki ya kuwa nazo. Pampu ilitajwa katika vikao vitano. Wamiliki 13 walikuwa hawajalipa ada ya huduma kwa zaidi ya miezi sita. Mfuko wa matengenezo makubwa ulikuwa mtupu, na lifti ilikuwa inahitaji kamba mpya. Ukinunua fleti, unanunua na sehemu yako ya pampu, lifti na paa.

Kwenye hati kulikuwa na mushkeli mmoja unaotatulika: kiwanja kizima kilikuwa rehani ya mkopo wa mjenzi, na wakili alitaka barua ya kuitoa fleti ile peke yake kwenye rehani hiyo, iletwe kabla ya malipo ya mwisho.

Bei ya kutoa niliipata kwa njia ya kienyeji. Fleti iliyokuwa imeuzwa karibuni humo ndani, kwa bei iliyolipwa na si iliyotangazwa, ilikuwa 88. Nikatoa 7 za mwaka mmoja wa kushuka, nikatoa 3 za pampu, kamba na mfuko mtupu. Tukaandika 78, ofa ya siku 14. Dalali alicheka kwenye simu. Muuzaji hakujibu, alikuwa amenunua kwa 115 na nadhani namba yetu ilimuuma.

Miezi mitano baadaye dalali alipiga. Sasa ni 84, na makabati ya jikoni atabadilisha bure. Nikamuuliza habari za pampu ya pili. Akasema ataulizia.

Jioni ile nilipita tena ng'ambo ya barabara nikahesabu. 18. Wiki iliyofuata tukasaini mkataba wa kupanga mwaka mwingine.