Tairi Lililopasuka Kwenye Njia ya Ziwa Assal

Kabla ya kuondoka Tanga nilikuwa nimeandika katika daftari langu mambo machache kuhusu Djibouti, kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa jiografia: eneo, kilomita za mraba zipatazo 23,200; pwani, kilomita 314; uhuru, tarehe 27 Juni 1977; mito ya kudumu, hakuna. Nilidhani nchi nimekwisha kuijua. Safari ya treni ya umeme kutoka Addis Ababa, zaidi ya kilomita 700 za kuteremka kutoka milimani hadi usawa wa bahari, niliimaliza nikiwa nasinzia. Kuhusu hoteli nitasema tu kwamba kwa bei ya usiku mmoja ningekula Tanga wiki nzima, na kiyoyozi kilidondosha maji juu ya mto wa kulalia hadi alfajiri.

Asubuhi nilielewana na dereva mmoja anipeleke Ziwa Assal kwa dola 100. Kwa fedha zao ni faranga 17,700 na ushei, kwa kuwa faranga ya Djibouti imefungwa kwenye dola kwa kiwango kilekile tangu mwaka 1973; hiyo ndiyo bei pekee niliyoikuta nchini humo ambayo haipandi. Tulipokuwa tukitoka mjini alinitajia kambi za kijeshi kama mtu anayewataja majirani zake. Wafaransa hawakuondoka uhuru ulipopatikana. Wamarekani wako Camp Lemonnier, kando ya uwanja wa ndege wa Ambouli. Wajapani walifungua kambi yao mwaka 2011, Waitalia nao wapo, na Wachina wakafungua mwaka 2017, karibu na bandari ya Doraleh, kambi yao ya kwanza nje ya nchi yao. Nilimwuliza kama kuishi katikati ya majeshi yote hayo hakuwatii hofu. Alicheka, akasema wote ni wapangaji, na mpangaji mzuri ni yule anayelipa.

Tairi la nyuma lilipasuka kabla hatujafika Wea, mahali ambapo barabara ya ziwani bado ni moja na ile ya malori yanayokwenda Ethiopia. Lilikuwapo tairi la akiba, tena lenye upepo. Kilichotushinda ni jeki: kila tulipoipandisha ilizama kwenye kokoto, na gari likarudi chini taratibu kana kwamba linakaa kitako. Dereva alinena maneno ya Kisomali ambayo sikuyaelewa isipokuwa mawili, gaari na taayir, na hayo hayakuhitaji mkalimani. Hapakuwa na mti. Jua lilikuwa juu, mawe meusi ya volkano yalikuwa yakirudisha joto usoni, na chupa yangu ya maji, niliyoinunua kwa bei ambayo naona haya kuitaja, ilikwisha ndani ya nusu saa.

Malori yalitupita moja baada ya jingine, yamebeba makontena, mbolea na vyuma, na kila semi-trela ilipopita, gari letu lilitikisika juu ya jeki. Niliacha kuhesabu nilipofika 60. Ethiopia ilibaki bila pwani Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, na tangu vita vya nchi hizo mbili vilipozuka mwaka 1998 sehemu kubwa kabisa ya biashara yake ya nje hupita katika njia hii na reli yake. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma, lakini kulisoma si sawa na kulimeza pamoja na vumbi lake.

Aliyesimama hatimaye alikuwa Mwethiopia wa makamo mwenye lori la ngano. Hakusema mengi. Alitafuta jiwe bapa, akalipigapiga kwa kisigino kulijaribu, akaliweka chini ya jeki, na katika dakika kumi kazi iliyotushinda kwa saa mbili ikawa imekwisha. Kisha akatumiminia maji kutoka kwenye dumu la njano. Yalikuwa ya moto kama chai, nasi tuliyanywa yote. Dereva wangu akasema, nusu kwa utani, kwamba hata maji ya bombani mjini kwao hutoka Ethiopia, na umeme vilevile.

Nikiwa nimeketi kwenye kivuli cha lori lile niliikumbuka foleni ya malori ya Zambia na Kongo pale Chalinze, ambayo kwa miaka mingi nimeilaani kwa kunichelewesha kufika Dar es Salaam. Sikuwahi kushuka kwenye basi kumwuliza dereva hata mmoja ametoka wapi. Sisi tunaringia kilomita za mraba 900,000 na zaidi, mlima mrefu kuliko yote Afrika na maziwa makuu, ilhali pwani, ambayo majirani wengi wanaitegemea, huwa tunaitaja mwisho, kama vile ni ua wa nyuma.

Ziwa lenyewe tulilifikia jua likielekea kushuka. Liko mita 155 chini ya usawa wa bahari, hakuna mahali pa chini zaidi barani Afrika, na maji yake yana chumvi takriban mara kumi ya bahari. Rangi yake ni ya kupendeza mno, ila upepo unaunguza midomo. Nilikaa nusu saa tu.

Tuliporudi hotelini usiku, dereva alinieleza kwa upole kwamba zile dola 100 zilikuwa za kwenda. Tulibishana mpaka mlinzi akasogea kusikiliza, tukakubaliana niongeze dola 40, na nusu ya bei ya tairi juu yake. Alizihesabu noti mara mbili, akaniuliza kama kesho ningehitaji kupelekwa uwanja wa ndege: ni karibu tu, alisema, dola 30.